Kabla ya kununua pistoni mpya, jua kilichoua ile ya zamani

SI ajabu, ukiingia katika nyumba ya mkulima au mfanyabiashara mdogo wa mkoa wa Dodoma, kukuta mashine imewekwa pembeni ya stoo, imefunikwa gunia, ikisubiri siku fedha zitakapopatikana. Inaweza kuwa pampu ya mgongoni ya kupulizia dawa mizabibu, inaweza kuwa jenereta dogo, lakini mara nyingi ni msumeno wa injini, ambao wengi wanauita chenso.

Mashine hizo zina jambo moja zinalofanana. Nyingi zinaendeshwa na injini ya mipigo miwili, ile mafundi wanayoiita tustroki, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ni injini yenye vipuri vichache, na mtu mwenye subira, meza safi na spana chache anaweza kuifungua na kuifunga akiwa nyumbani kwake.

Hata hivyo, wengi wanaojaribu kuzifufua hupoteza fedha zao. Injini inafunguliwa, pistoni inakutwa imekwaruzika, inanunuliwa nyingine mpya pamoja na ringi zake, inafungwa, na chenso inanguruma kama zamani. Baada ya siku chache inakwama tena. Ikifunguliwa, pistoni mpya ina mikwaruzo ileile ya ile ya kwanza.

Sababu ni kwamba pistoni mara nyingi ni marehemu, siyo muuaji. Kubadilisha pistoni bila kutafuta kilichoiua ni sawa na kumleta mgonjwa mwingine kulala katika kitanda chenye kunguni walewale.

Tuseme mkulima wa Hombolo amerithi chenso kubwa ya miaka mingi. Amepata kazi ya kukata mikaratusi ya mtu na kuipasua iwe nguzo, akalipwa malipo ya awali, na malipo hayo yote akanunulia pistoni. Siku ya pili ya kazi injini inakwama. Hapo amepoteza pistoni, amepoteza fedha ya mteja, na kubwa kuliko yote, ameharibu jina lake. Makala haya yanaeleza jinsi mtu wa namna hiyo anavyoweza kuepuka hasara hiyo.

Injini inayovuta hewa kwa tumbo

Chukua mfano wa STIHL 070, chenso iliyotoka katika kiwanda cha Kijerumani mwishoni mwa miaka ya 1960 na ambayo imepasua mbao katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Silinda yake ina upana wa milimita 58 na pistoni hupanda na kushuka milimita 40, hivyo ujazo wake ni karibu sisi 106, sawa na injini ya pikipiki ndogo. Viwanda vya China navyo vimetengeneza nakala zake, na ndiyo maana vipuri vyake bado vinapatikana ingawa mashine yenyewe ni ya zamani.

Katika injini ya namna hii hakuna oili inayokaa chini kama ya gari. Pistoni ikipanda, nyumba ya krenki iliyo chini yake huvuta petroli, oili na hewa kutoka kwenye kabureta. Pistoni ikishuka, mchanganyiko huo husukumwa juu ili uungue. Kwa hiyo tumbo la injini ni pampu ya hewa, na oili iliyomo ndani ya petroli ndiyo peke yake inayolainisha pistoni, ringi na beringi.

Hapa ndipo penye siri kubwa. Kama sili ya krenki imekakamaa, au gasketi imepasuka, au kiungo cha kabureta na silinda kimelegea, injini itavuta hewa ya ziada ambayo haikupitia kwenye kabureta. Hewa hiyo haina petroli wala oili. Mchanganyiko unakuwa mwembamba, joto linapanda, oili inapungua, na pistoni inashikana na silinda. Mwenye chenso husikia injini ikikimbia kwa sauti kali na kudhani imepata nguvu, kumbe inakata roho.

Maadui watatu wa Dodoma

Nyanda za kati zina mambo matatu yanayoiweka injini ndogo katika hatari zaidi.

La kwanza ni vumbi. Kiangazi huanza karibu Mei na kuendelea hadi Novemba, na upepo hubeba mchanga mwembamba. Historia ya mkoa ina somo kubwa kuhusu jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa na kuleta matrekta mengi, mengine yakiwa yamekwishatumika sehemu nyingine, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa, wenye chembe ngumu za mawe na unaokakamaa wakati wa kiangazi, ulilika majembe, na mitambo mingi ilikufa mapema. Mwaka 1951 mradi huo ulifutwa baada ya kula mamilioni ya pauni. Ikiwa mitambo mikubwa yenye karakana na mafundi wake ilishindwa, chenso yenye chujio la hewa lililotoboka haiwezi kupona.

La pili ni mwinuko. Mji wa Dodoma uko karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 12. Chenso iliyorekebishwa Dar es Salaam ikipandishwa Dodoma hupata petroli nyingi kuliko hewa, ikatoa moshi na kupoteza nguvu. Hiyo ni kero tu. Hatari iko kwa anayerekebisha kabureta Dodoma kisha akateremka na chenso kwenda kufanya kazi Kilosa au Morogoro. Kule hewa ni nzito zaidi, mchanganyiko unakuwa mwembamba, na pistoni inaweza kuungua siku hiyohiyo. Kila anayeshuka au kupanda mlima na mashine yake lazima airekebishe upya.

La tatu ni oili. Wapo wanaochanganya kwa kukisia, na wapo wanaotia oili ya injini ya gari, au hata iliyokwishatumika. Oili ya gari haikutengenezwa ili iungue. Huacha masizi kwenye ringi na kwenye mlango wa moshi, ringi zikaganda, na injini ikakosa pumzi.

Pima kabla ya kufungua

Kabla ya kugusa spana, osha chenso nje kwa brashi na maji ya sabuni, kisha iache ikauke. Mchanga ulioganda nje ndio utakaoingia ndani ukifungua mashine chafu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Plagi ikiwa imefungwa vizuri, shika kishikio cha kamba ya kuwashia na uache chenso ining'inie kwa uzito wake. Injini yenye pumzi nzuri itateremka kwa kusitasita, hatua kwa hatua. Ikishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani, mgandamizo umekwisha.

Mwenye geji ya mgandamizo apime kwa kuvuta kamba mara tano au sita. Injini nzima kwa kawaida husoma kati ya psi 130 na 160. Ikiwa chini ya 100, itakuwa ngumu kuwaka na haitakuwa na nguvu. Kwa kuwa Dodoma iko juu, geji itasoma chini kidogo kuliko ingesoma pwani, hivyo usiihukumu injini kwa tofauti ndogo.

Halafu fungua ekzosi na umulike ndani kwa tochi. Kupitia mlango wa moshi unaweza kuiona pistoni bila kuvua silinda. Kama inang'aa na ni laini, tatizo lako pengine ni kabureta au moto wa plagi, na huna sababu ya kununua pistoni.

Pistoni inasema, isome

Ikibidi kufungua, piga picha kila hatua kwa simu, na kila kundi la skrubu liwekwe kwenye kopo lake. Ili kufungua klachi, pitisha kamba laini kwenye tundu la plagi ili izuie pistoni isipande. Usitumie bisibisi, kwani itatoboa pistoni. Kumbuka pia kwamba kwenye misumeno mingi klachi hufunguka kwa kuzungusha kulia, kinyume cha nati za kawaida.

Pistoni ikitoka, ishike kwenye mwanga na uiangalie pande zote.

Ikiwa mikwaruzo iko upande wa mlango wa moshi tu, injini ilipata joto kali. Tafuta hewa inayovuja, kabureta iliyofungwa mno, au mnyororo butu uliomlazimisha mkataji kukandamiza kwa muda mrefu.

Ikiwa mikwaruzo imeizunguka pistoni yote na inaonekana mikavu, petroli haikuwa na oili, au ilikuwa na oili kidogo mno.

Ikiwa upande wa kabureta una rangi ya kijivu isiyong'aa na ringi zimekuwa nyembamba, hilo ni vumbi. Chujio la hewa ndilo la kulaumiwa.

Ikiwa ringi zimeganda kwenye mifereji yake kwa masizi meusi, aina ya oili haikufaa.

Andika jibu hilo kwenye karatasi. Hicho ndicho kitu cha kurekebisha, na pistoni itafuata baadaye.

Kabla ya kuendelea, shika mkono wa krenki uuvute juu na kuusukuma chini. Haupaswi kucheza hata kidogo. Kutembea kidogo pembeni hakuna ubaya. Zungusha krenki polepole, na ukihisi chembechembe au mkwaruzo, beringi zimekwisha. Kazi ya kubadilisha krenki inahitaji mashine ya kukandamizia, na hiyo ipelekwe kwenye karakana. Kama krenki na silinda vyote vimekufa, ni afadhali kuiuza chenso hiyo kwa vipuri.

Silinda hii si ya kuchonga

Kosa moja huwagharimu watu wengi. Wamezoea kwamba bloku ya pikipiki au ya mashine ya kusaga ikilika hupelekwa kwa mkerezaji, ikachongwa, ikawekewa pistoni kubwa zaidi. Silinda nyingi za chenso si za chuma cha kuchonga. Ni za alumini iliyopakwa ndani ngozi nyembamba na ngumu ya kromiamu au nikeli. Ukiichonga ngozi hiyo, umeitupa silinda.

Jambo jema ni kwamba mara nyingi kinachoonekana kama mikwaruzo ya silinda ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka na kuganda juu ya ngozi hiyo. Alumini inaweza kuondolewa kwa soda kali, ile kostiki inayotumiwa na watengeneza sabuni, kwa sababu soda hula alumini bila kuila kromiamu wala nikeli.

Kazi hiyo ifanyike nje, penye hewa, mbali na moto na watoto, kwa glovu za mpira na miwani. Tia soda kidogo kidogo ndani ya maji, usimwage maji juu ya soda. Chovya kijiti chenye pamba na upake pale tu palipoganda alumini. Patatoa mapovu. Futa, suuza kwa maji mengi, rudia. Usiguse kingo za milango ya silinda, kwa sababu hapo alumini yenyewe iko wazi na italiwa. Ukiona alama ndogo tu zimebaki, maliza kwa msasa laini wa maji, kwa mkono, bila kukandamiza.

Kisha pitisha ukucha ndani ya silinda. Usipokwama popote, silinda imepona. Ukikwama, au ukiona ngozi imebanduka na alumini inaonekana, silinda hiyo haifai, na ni lazima inunuliwe nyingine pamoja na pistoni yake.

Tafuta hewa inakoingilia

Hiki ndicho kipimo ambacho wengi hukiruka, na ndicho kinacholinda fedha ya pistoni mpya.

Chukua plagi kuukuu, toa kauri yake ya ndani, na uunganishe bomba dogo. Ifunge mahali pa plagi. Ziba mlango wa moshi na mlango wa kabureta kwa vipande vya mpira wa tyubu, ukivibana kwa ekzosi na kabureta zenyewe au kwa vibati. Zungusha krenki hadi pistoni iwe chini kabisa, ili hewa ipite hadi kwenye nyumba ya krenki.

Kisha unganisha kipima presha cha mkono cha mshale, kile cha kupimia wagonjwa, hata kama mkoba wake umechanika. Pampu yake na saa yake vinatosha. Jaza hewa hadi mshale usome 250, kisha tazama. Injini nzima itashikilia mshale, au utashuka taratibu sana. Mshale ukiporomoka, paka povu la sabuni kwenye sili za pande mbili za krenki, kwenye maungio ya nyumba ya krenki, chini ya silinda na kwenye kiungo cha kabureta. Mapovu yatakuonyesha mahali. Zungusha krenki kidogo na urudie, kwa sababu sili iliyolika upande mmoja huvuja katika nafasi fulani tu.

Sili za krenki ni vipuri vya bei ndogo vikilinganishwa na pistoni. Kwa chenso iliyokaa miaka mingi bila kufanya kazi, mpira wake huwa umekakamaa, na ni busara kuzibadilisha hata kama zimefaulu kipimo.

Kabureta, moto na gasketi

Kabureta ya chenso haina chombo cha kuelea kama ya pikipiki. Ina dayaframu, yaani vipande vyembamba vya mpira vinavyovuta na kupima petroli. Petroli iliyoachwa ndani kwa miaka hukausha dayaframu zikawa ngumu kama karatasi. Dayaframu ngumu haifungui njia vya kutosha, injini inapata petroli kidogo, na tunarudi kwenye pistoni iliyoungua. Nunua seti nzima ya dayaframu na gasketi zake, safisha vijitundu kwa petroli na hewa ya pampu, na usivitoboe kwa waya. Angalia pia bomba la petroli, kama lina nyufa, na chujio lililomo ndani ya tangi.

Kwa upande wa moto, chenso za zamani hutumia platini. Safisha nyuso zake kwa msasa laini kisha kwa kitambaa safi, na upime uwazi wake kwa fila geji. Kwa kawaida ni karibu milimita 0.4. Plagi iwe na uwazi wa nusu milimita. Kama moto upo lakini injini inarudisha kamba kwa kishindo, angalia kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia flaiwili. Kikikatika, moto hutoka wakati usiofaa.

Gasketi ya silinda isikatwe kwenye boksi la sabuni. Boksi ni nene, nalo huinua silinda, likapunguza mgandamizo na kubadilisha wakati wa kufunguka kwa milango. Tumia karatasi ya gasketi yenye unene uleule wa ile ya zamani.

Wakati wa kufunga, mshale ulio juu ya pistoni uelekee kwenye mlango wa moshi. Ncha za ringi zikae kwenye vijipini vyake, na vibanio vya pini ya pistoni viwe vipya kila mara. Paka oili ya tustroki kwenye pistoni na silinda, bana ringi kwa vidole, na uteremshe silinda taratibu. Ikikataa, usilazimishe. Ringi moja imetoka mahali pake.

Kuwasha mara ya kwanza

Nunua petroli kwenye kituo, siyo ile ya chupa za barabarani ambayo hujui imechanganywa na nini. Fuata kipimo cha oili kilichoandikwa na watengenezaji wa mashine yako. Chenso nyingi za zamani hutaka sehemu moja ya oili kwa 25 za petroli, na nyingi za kisasa moja kwa 50.

Hesabu yake ni rahisi. Bomba la sindano la mililita 20 linapatikana katika maduka ya dawa za mifugo. Kwa lita moja ya petroli, bomba mbili za oili ya tustroki ni moja kwa 25, na bomba moja ni moja kwa 50. Kwa dumu la lita tano, ni mililita 200 au 100. Tikisa vizuri kila kabla ya kumimina.

Kabureta ina skrubu mbili kuu, moja ya mwendo mdogo na nyingine ya mwendo mkubwa. Zifunge polepole hadi zikome, bila kukaza, kisha zifungue mzunguko mmoja. Washa, iache ipate moto. Rekebisha ya mwendo mdogo hadi injini ishike sailensa bila mnyororo kuzunguka. Kwa mwendo mkubwa, skrubu ikifunguliwa petroli huongezeka, ikifungwa hupungua. Ukivuta mafuta yote bila kukata kitu, injini inapaswa kuwa na mlio mzito wa kukatikakatika kidogo, na ikianza kukata mti mlio huo usafike. Ukisikia mlio mkali mwembamba usio na mkatiko, fungua skrubu mara moja. Moshi kidogo ni rahisi kuliko pistoni.

Tangi za kwanza mbili au tatu zikatwe magogo madogo, kwa kupumzika. Kupasua mbao ndefu kunaiweka injini katika nguvu kamili kwa dakika nyingi, na hiyo si kazi ya injini iliyofungwa jana.

Je, inalipa?

Turudi kwa mkulima wetu wa Hombolo, tufanye hesabu kwa tarakimu za mfano tu, kila mmoja aweke bei za kwake. Tuseme pistoni na ringi ni sh. 60,000, sili sh. 15,000, seti ya kabureta sh. 15,000, na gasketi pamoja na plagi sh. 10,000. Jumla ni sh. 100,000. Kama chenso inamwingizia faida ya sh. 20,000 kwa siku, atairudisha fedha yake kwa siku tano.

Sasa tuseme ameona sili na kabureta ni gharama zisizo za lazima. Anatumia sh. 70,000. Pistoni inaungua, na sasa inabidi afanye kazi yote upya kwa sh. 100,000. Amefikia sh. 170,000, yaani siku nane na nusu za kazi, bila kuhesabu siku alizokaa bure na mteja aliyekwenda kwa mwingine. Akiba ya sh. 30,000 imemletea hasara ya sh. 70,000.

Kwa hiyo kanuni ya kushika ni hii: kama fedha haitoshi kwa kazi yote, subiri. Mashine iliyolala stoo haili fedha, lakini iliyofungwa nusu nusu inakula.

Usalama na sheria

Chenso nyingi za zamani hazina breki ya mnyororo inayosimamisha msumeno pale ncha inaporuka na kumrudia mkataji. Mwenye kuitumia ashike kwa mikono miwili, asikate kwa ncha, asisimame nyuma ya mstari wa mnyororo, na avae buti ngumu, miwani na kinga ya masikio. Swichi ya kuzimia ijaribiwe kila asubuhi kabla ya kazi.

Aidha, chenso iliyofufuliwa si ruhusa ya kukata popote. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uvunaji, na mwenye chenso anapaswa kufika ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) au kwa ofisa misitu wa halmashauri aulize kuhusu usajili wa mashine na vibali kabla ya kuanza kazi au kuikodisha. Watu wa Dodoma wanaijua gharama ya kukata ovyo. Makorongo ya Kondoa ndiyo yaliyoifanya Serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika ili ardhi ipone.

Baada ya hapo kinachobaki ni matunzo. Chujio la hewa lisafishwe kila jioni wakati wa kiangazi kwa brashi na maji ya sabuni, na likitoboka libadilishwe, lisizibwe kwa kipande cha kanga. Mnyororo unolewe kabla haujawa butu. Kama chenso itakaa zaidi ya mwezi, mwaga petroli yote na uiache injini iendeshe hadi izime yenyewe, ili dayaframu zisikauke.

Anayefanya hayo hatahitaji kuifunika chenso yake gunia. Na kama siku moja itakwama, atajua pa kuanzia: ataisoma pistoni kwanza, ndipo aende dukani.